Kiatu cha Kushoto cha Mama

Fundi alikuwa na sheria moja tu dukani kwake, na sheria hiyo ilimfukuzia wateja kuliko mvua: mwenye miguu aje mwenyewe. Ukimtuma mtoto akuchukulie viatu, atarudi mikono mitupu. Ukimtuma mkeo, ataambiwa aketi kwenye benchi akungoje. Kiatu hakikutoka mle mpaka mguu wenyewe uingie ndani yake, usimame, utembee mpaka mlangoni na kurudi, huku Fundi ameinama akikikodolea macho kisigino kama polisi. Watu walimcheka. "Tumekuja kuchukua viatu au kuposa?" waliuliza. Hakujali. Alisema kiatu hakina mwakilishi, basi.

Nyuma ya kiti chake kulikuwa na rafu ya viatu vilivyokwisha kutengenezwa ambavyo wenyewe hawakuja. Wengine walihama, wengine walinunua vipya, wengine walitangulia mbele ya haki. Hakuvitupa. Alivipangusa vumbi kila wiki na kuvinung'unikia kidogo, kama wageni waliokawia kuondoka.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, pamoja na nyundo, msharasi wa kushonea ngozi na ulimi usiojua kubembeleza. Hakuolewa. Akiulizwa kwa nini, alijibu kwamba hajaona bado mwanamume asiyekanyaga upande. Mkaidi alikuwa, nami sitamtetea. Lakini kama kuna binti aliyempenda mama yake kwa mikono badala ya maneno, basi ni yeye.

Mama yake alizaliwa na mguu wa kushoto mfupi kuliko wa kulia. Pekupeku alikwenda upande kama meza iliyovunjika mguu mmoja. Tangu Fundi alipokuwa msichana mkubwa wa kutosha kushika kisu, ndiye aliyemshonea mama viatu, na ndani ya kiatu cha kushoto aliweka vipande vitatu vya ngozi, kimoja juu ya kingine, akavichonga kwa mteremko chini ya kisigino. Mama akivivaa alitembea sawasawa, shingo juu, na watu wasiomjua hawakugundua kitu. Tangu hapo hakuvaa viatu vya fundi mwingine.

Mdogo wake Fundi alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Yeye alijaliwa uso, kicheko na maneno. Akikueleza alivyokwenda sokoni na kurudi, unatamani ungekuwa naye. Fundi alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga, akamshonea viatu vya kwanza vya shule, akamcheka alipovaa kulia kushoto na kushoto kulia. Walipendana kama ndugu wanavyopendana, yaani bila kuambiana.

Kisha mama akaugua, ugonjwa ule wa kukaa kitandani, hatua moja ya nafuu na hatua mbili za kurudi nyuma. Ndipo akaanza kuisema njia ya nadhiri. Hiyo ni njia ya miguu inayopanda mpaka kwenye nyumba ya sala huko juu mlimani, na watu huitembea tangu zamani kwa shida zao mbalimbali. Mgonjwa asiyeweza kutembea, ndugu yake humtembelea njia hiyo kwa niaba yake. Hubeba viatu vyake viwili, kile cha kushoto hukitundika huko juu, cha kulia hukirudisha. Mgonjwa hukaa nacho akisubiri kupona, na akipona huenda kwa miguu yake mwenyewe kukichukua kile cha kushoto. Mama alilitaka jambo hilo kama mtoto anavyotaka kitu: aliamka nalo, akalala nalo.

Mkubwa ndiye aliyepaswa kwenda. Lakini nani angemgeuza mama kitandani? Mama hakukubali mikono ya mtu mwingine. Mdogo mtu akimwinua, alilalamika kwamba anavutwa kama gunia. Basi jioni moja mdogo akasema, "Dada, wewe baki na mama. Mimi nitakwenda." Fundi alimshika mikono akalia, na si mtu wa kulia.

Na hapo akafanya jambo ambalo mpaka leo ukimkumbusha anaweka nyundo chini. Kila siku alikuwa akiwaambia wateja wake: buti mpya ivae kwanza nyumbani, kisha ivae sokoni, ndipo uipeleke safari. Mguu na ngozi hawajuani bado; waache wazoeane. Lakini kwa mdogo wake alishona buti mpya kabisa, ngozi nene, soli mbili, uzi wa nta, akazimaliza alfajiri ya safari yenyewe, gundi bado inanuka. Mapenzi hayana subira. Na tuseme kweli, alitaka pia njia nzima ione kazi yake.

Mdogo mtu alirudi wakati watu walipomtazamia, amevaa kandambili za plastiki, miguu imefungwa vitambaa, kiatu cha kulia cha mama amekikumbatia kifuani. Nyumba ililipuka kwa vigelegele. Mama alikipokea kiatu kile, akakiweka shavuni, akalia machozi yakaingia masikioni.

"Na buti?" Fundi aliuliza baadaye, wakiwa wawili.

"Dada, njia imezila zote. Nimeziacha kule juu."

Fundi alichemsha maji, akatia chumvi, akapiga magoti kwenye sakafu ya jikoni akamwosha mdogo wake miguu. Aliona makovu mabichi ya malengelenge, moyo ukamkatika. Miaka yote iliyofuata, mteja akiuliza kama soli zake ni imara, alijibu: "Buti zangu zimepanda njia ya nadhiri mpaka mwisho, zikafia huko kwa heshima."

Mama hakupona. Siku yake ya mwisho aliwaita wote wawili. Akamshika mdogo mkono, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni walipokuwa majirani, "Wewe uliyenitembelea njia, radhi zangu ziko kwako." Kisha akageuza kichwa upande wa mkubwa. Fundi aliinama, akalisogeza sikio karibu kabisa, maana alijua sasa ni zamu yake.

"Fundi wangu," mama akasema, "funga hilo dirisha."

Hayo tu. Akalifunga. Aliporudi kitandani mama alikuwa amelala, na katika usingizi ule hakuamka tena.

Sasa, tuseme jambo kwa jina lake. Fundi aliona wivu. Yeye aliyefua mashuka, aliyejifunza kumgeuza mtu mzima bila kumwumiza, aliyelala kwenye kiti, ameachiwa dirisha. Mwenzake aliyeondoka akarudi ameachiwa radhi. Mtaa mzima ulianza kumwita mdogo mtu Hujaji, na jina likamkaa kama amezaliwa nalo. Yeye ndiye aliyebaki kwenye nyumba ya mama, pamoja na mumewe na watoto wake, na kile kiatu cha kulia kikawekwa sebuleni ndani ya kabati la vioo, baina ya sahani nzuri zisizotumiwa na saa isiyofanya kazi. Kila mgeni alipewa chai, na pamoja na chai akapewa hadithi ya safari: msitu wenye baridi, ukuta mweupe mrefu wenye viatu vilivyopangwa kama dukani. Fundi alikuwa akisikiliza huku ameshika kikombe, na moyoni anasema, laiti ningekwenda mimi.

Miaka saba aliubeba wivu huo. Akauona unamharibu. Mpwa wake akimkimbilia, anaitazama miguu ya mama wa mtoto. Mwishowe akaamua: nami nitaitembea njia hiyo, nifike huko juu niombe msamaha, niuache wivu huko mbali na nyumbani, nirudi nimwangalie mdogo wangu usoni.

Alimpasha habari wakinywa chai. Hujaji akaimwaga chai yake kwenye kitambaa cha meza.

"Dada, na goti lako hilo?"

"Goti ni langu."

"Njia imeharibika siku hizi. Mvua imebomoa huko. Kwa nini usingoje tuende wote mwakani?"

Fundi alimwona jinsi alivyobabaika, akaguswa. Kumbe ananijali hivi, aliwaza, na mimi namwonea kijicho. Akamwomba amweleze njia. Hujaji akaeleza, macho kwenye kitambaa: daraja la mbao, majabali matatu yanayoegemeana, kisima chenye kopo lililofungwa mnyororo, kisha nyumba ya wageni yenye mlango wa kijani.

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo ni msitu tu, dada. Msitu mpaka juu."

Basi Fundi akafunga duka, akatundika kibao, akavaa buti zake kuukuu zilizomjua kila kidole, akaondoka.

Siku ya kwanza kila kitu kilikuwa kama alivyoambiwa. Daraja lilikuwepo, likilalama chini ya miguu. Majabali yalikuwepo, yameegemeana kama walevi. Kopo la kisimani lilikuwa na mnyororo wake. Fundi alikunywa maji kwa kopo hilo akasema peke yake, "Mdogo wangu amekunywa hapa," na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alimfikiria bila kuumwa.

Hapo kisimani alipata mwenzi wa safari, kinyozi mmoja mnene aliyekuwa akijifuta jasho kwa taulo la kazini. Shingoni alikuwa ametundika viatu viwili vya kike.

"Natembea kwa ajili ya mama mkwe," alieleza kabla hajaulizwa. "Miaka kumi na tisa hatupatani. Akipona, sijui nani atatembea kwa ajili yangu."

Fundi alicheka, na kicheko kilimshangaza mwenyewe. Wakaandamana. Kinyozi alizungumza kwa niaba ya wawili, jambo lililomfaa sana Fundi, aliyekuwa akitazama visigino vya watu waliotangulia na kujua nani atachechemea kesho.

Jioni ya siku ya pili waliufikia mlango wa kijani. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa mama mmoja mjane, mchangamfu, mwenye mikono ya kazi, akawakaribisha jikoni wapumzishe miguu. Fundi alikaa kwenye kigoda. Kama kawaida yake, kabla hajamtazama mwenyeji usoni, alimtazama miguuni.

Buti nene. Soli mbili. Uzi wa nta, mshono wa kurudia, na pale kwenye ulimi wa kiatu, alama ndogo ya ncha ya msharasi aliyoipiga baba yake kwenye kila kiatu, na ambayo yeye aliendelea kuipiga baada yake.

"Buti nzuri," Fundi alisema. Sauti yake ilitoka sawa tu.

"Ee, dada yangu, hizi ni mali. Mwaka wa kwanza ziliniua, nilivaa soksi mbili. Sasa zimelainika kama mkate. Ila kisigino hiki kimeanza kwenda."

"Zivue nizione."

Fundi hakusafiri bila vifaa vyake vidogo. Alikitia kile kisigino magotini, akang'oa misumari ya zamani, akaanza kazi. Mikono ilijua la kufanya. Ingejua hata nyumba ikiungua. Akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Ulizipata wapi?"

"Niliachiwa na msichana mmoja. Huu mwaka wa saba sasa. Masikini! Alifika hapa karibu anatembelea magoti. Malengelenge makubwa hivi, yamepasuka, damu mpaka kwenye soksi. Nikamwuliza, nani mwenye laana aliyekupa buti mpya kwa safari kama hii? Akalia. Nikamweka chumba cha nyuma."

Kinyozi aliacha kujifuta jasho.

"Alikaa sana?" Fundi aliuliza.

"Alikaa mpaka wenzake wakapanda, wakashuka. Miguu ilipona mapema, lakini alisema hawezi tena. Tulicheka naye sana! Yule msichana alijua kusimulia. Kila aliyeshuka kutoka juu alimweka hapo ulipokaa wewe, anamwuliza, kukoje, kuna nini, kunafananaje. Walipomaliza kushuka wote, naye akafungasha akarudi kwao. Akaniachia buti, nikampa kandambili zangu." Akainua kidole. "Na kiatu kile. Alinisihi nimpe yeyote apandaye akamtundikie. Lakini nani atabeba kiatu cha mgonjwa asiyemjua? Hawakubali. Nimekitunza tu."

Fundi alifuata kidole. Dirisha la jikoni lilikuwa la kusukuma nje, na ili lisijifunge, lilikuwa limezuiwa kwa kiatu cha kike, cheusi, cha kushoto. Jua na mvua vimekipausha. Hakuhitaji kukishika, lakini aliinuka akakishika. Akaingiza vidole ndani. Vipande vitatu vya ngozi, kimoja juu ya kingine, vimechongwa kwa mteremko. Juu ya kile cha mwisho kulikuwa na shimo la kina kidogo, mahali palipokaa kisigino cha mama.

Dirisha lilijifunga lenyewe kwa kishindo.

"Ni cha mama yangu," Fundi alisema. "Na buti hizo nimezishona mimi."

Mjane alitia mkono kinywani. Fundi alirudi kwenye kigoda, akamaliza kupigilia kisigino kile, akakisugua kingo, akamrudishia mwenyewe. Kisha akamwambia avae, asimame, atembee mpaka mlangoni na kurudi. Mjane alitembea huku analia, na Fundi aliinama akatazama. Kisigino kilikuwa kimekaa vizuri.

Asubuhi Fundi alisimama mlangoni. Upande mmoja kulikuwa na njia ya kurudi, ambako angemkuta mdogo wake kabla hajajiandaa. Upande wa pili njia ya kupanda. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na hiyo ya mdogo wake ilikuwa imeishia pale pale, kwenye chumba cha nyuma chenye kitanda cha kamba.

"Dada Fundi," kinyozi aliita kwa upole, "tunapanda au tunashuka?"

"Mimi sikukodi miguu ya mtu," alijibu, akapanda, kiatu cha mama kimefungwa kiunoni.

Msitu haukuwepo. Hakukuwa na mti hata mmoja wa kumwonyesha mtoto. Ama walioshuka walimtania mdogo wake, ama alijitungia mwenyewe. Baada ya mlango wa kijani njia ilikuwa mawe meusi na upepo, mawe na upepo, na jua likipiga utosini. Fundi alitembea katika nchi ambayo mdogo wake hakuiona, na kila alipoinua macho akakosa msitu, hasira ilimpanda upya. Hakumlaumu kwa kutofika juu. Malengelenge aliyajua, lawama ya buti zile ilikuwa yake, na aliibeba bila kupunguza. Mtu akichubuka anarudi nyumbani anasema, jamani nimechubuka. Lililomchoma ni maji ya chumvi. Alipiga magoti. Aliishika suruali ya mdogo wake akaikunja kwa uangalifu, akaosha kidole kimoja kimoja, na yule mtu alikaa juu ya kiti akakubali kuoshwa. Miguu iliyotoka kupumzika! Na miaka saba ya chai. Na yeye, mjinga, kafunga duka na goti bovu kuja kuomba msamaha kwa kuonea wivu safari ambayo haikutembewa na mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, nao husema kirahisi, kama kwamba nguo ni rahisi kuvua.

Usiku ule, wakiwa wamejikunyata nyuma ya jiwe, kinyozi alijaribu kumtuliza. "Huenda aliogopa kumvunja mama moyo."

"Huenda," Fundi alisema. "Na mimi wangu ulikuwa wa mbao?"

Kinyozi akampa nusu ya mkate wake.

Huko juu hakukuwa na ukuta mweupe mrefu. Kulikuwa na nyumba ndogo ya mawe ya kusalia, na ubavuni kwake banda la mabati yenye kutu, ndani yake waya zimepigwa toka nguzo hadi nguzo, na kwenye waya viatu vya kushoto vikining'inia: vya watoto, vya wazee, vya kazi, vya harusi. Upepo ukiingia viligongana. Kinyozi alikitundika cha mama mkwe wake, akasema, "Upone, mwanamke wewe, tugombane," kisha akabubujikwa na machozi hata akalazimika kujifuta kwa taulo.

Mwanamke mwenye funguo za banda alimsogelea Fundi. "Ni cha mgonjwa?"

"Cha marehemu."

"Pole sana, mama. Vya marehemu hatuvitundiki. Hapa ni vya wanaongojewa."

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Aliingia kwenye nyumba ya sala akakaa. Maneno aliyokuja nayo, aliyoyatunga njia nzima mpaka mlango wa kijani, hayakuwa na kazi tena. Alikaa na kiatu mapajani mpaka miguu ikapoa, akatoka, akashuka.

Nyumbani kwa mama walikuwa wamemsubiri. Shangazi alikuwepo, majirani wawili watatu, chai tayari. Walimpigia vigelegele, wakasema sasa nyumba ina mahujaji wawili. Hujaji alikuja na beseni la maji ya chumvi, ameliandaa mwenyewe, akapiga magoti kwenye zulia.

"Dada, nipe miguu."

Fundi hakukaa. Alikwenda kwenye kabati, akafungua kioo, akakitoa kiatu cha kushoto kiunoni, akakiweka pembeni ya cha kulia. Kimoja cheusi kinang'aa, kingine kimepauka kama kijivu. Lakini ni jozi moja ya mtu yuleyule, kila mtu aliona.

"Kumbe watu huruhusiwa kuvirudisha?" shangazi aliuliza kwa furaha.

Hujaji alikikodolea macho kile kilichopauka, mikono ingali ndani ya beseni. Majirani ni watu wenye pua. Mmoja akakumbuka chungu chake jikoni, mwingine akamkumbusha shangazi kwamba giza linaingia. Sebule ikabaki na watu wawili.

"Nilikiacha kwa yule mama," Hujaji alisema chini. "Nilijua watakipeleka."

"Kilikuwa kinazuia dirisha."

"Dada, miguu ilikuwa imekwisha."

"Najua. Nimesikia. Hilo ni langu, na ungeniambia siku ile ningekuomba radhi nikiwa nimepiga magoti vilevile. Nilikuwa nimeshapiga, hata gharama isingekuwepo." Sauti ilianza kumpanda. "Niliosha nini mimi pale jikoni? Niambie. Niliosha nini?"

Hujaji alilia muda mrefu. Kisha akainua uso. "Mama alijua."

Fundi alishika ukingo wa kabati.

"Nilimwambia usiku wa tatu tangu nirudi, wewe ulipokwenda kuteka maji. Nilishindwa kukaa nalo. Akaniambia, usimwambie dada yako. Akijua ni viatu vyake vilivyokurudisha, hatashika msharasi tena. Muache aamini. Akasema, mimi nitakuitikia mbele za watu, na wewe uendelee." Akajifuta pua kwa kiganja. "Ile radhi alinipa mbele za watu, dada. Ilikuwa ya kukulinda wewe."

Ni maneno mazuri. Ukiyatazama vizuri, ndani yake mna mama anayempenda binti yake mkubwa kuliko alivyoweza kusema, mna sababu ya yeye kuachiwa dirisha, mna kila kitu alichokipandia Fundi mlimani. Na yalitoka kwenye kinywa kilichosimulia msitu mahali pasipo na mti, kwa miaka saba, bila kukwama hata neno. Fundi alimtazama mdogo wake, akatafuta usoni kitu cha kumwonyesha kama ni kweli, kama anavyotafuta kwenye kisigino. Hakukipata. Aliyeweza kushuhudia alikuwa kaburini.

"Basi kama ni kweli, mlikuwa wawili," alisema hatimaye. "Mmekaa chumba kimoja mkanifungia nje, na mimi ndiye nilikuwa nawaletea maji. Na kama si kweli, umemsingizia maiti. Sijui nikuombee lipi."

"Dada, nakuapia."

"Usiape. Ungeniambia kabla hujabobea katika uongo, ningekuamini bila kiapo."

Akavichukua viatu vyote viwili, akatoka. Maji ya chumvi yalibaki kwenye beseni.

Duka lilifunguliwa kesho yake. Wateja walimwuliza juu ya safari, akawajibu ni mawe na upepo. Hakumtaja mtu. Alipoulizwa kama soli zake ni imara, alisema, "Zivae nyumbani kwanza." Viatu vya mama alivisafisha, akakipaka cha kushoto rangi mpaka kikakaribia kufanana na mwenzake, akakibadilisha uzi uliooza, lakini vile vipande vitatu hakuvigusa. Akaviweka kwenye rafu nyuma ya kiti chake, kati ya buti za mtu aliyehama na viatu vya bwana harusi ambaye hakuonekana tena.

Hujaji alikuja mwezi ule ulipokaribia kwisha. Hakupita ndani kama ndugu. Alisimama mbele ya meza ya kazi kama mteja, mkoba mkononi, amekonda kidogo. Watu walikuwa wameacha kumwita lile jina, hakuna aliyejua ni nani alianza.

"Dada," alisema, "nimekuja kuchukua viatu vya mama. Kabati liko wazi. Watoto wanauliza."

Fundi alikuwa na msumari mdomoni. Alimtazama mdogo wake usoni, kisha kama kawaida yake, miguuni. Viatu vilikuwa vimeanza kwenda upande wa nje, vyote viwili. Aliutoa msumari, akauelekeza mahali pake, akainua nyundo.

"Unaijua sheria ya hapa," alisema. "Mwenye miguu aje mwenyewe."